LOUIS LEAKEY NA SIRI ZA FUVU LA KICHWA

Maumivu yasiyoonekana

Mwanafunzi, bila shaka umewahi kuumwa kichwa. Labda ulishinda juani ukichunga ng'ombe. Labda ulikuwa na malaria, au ulikwenda shuleni bila kula wala kunywa maji. Mama alikuwekea kiganja juu ya paji la uso ili ajue kama una joto. Joto aliweza kulipima. Maumivu yenyewe hakuweza kuyaona, wala kuyapima, wala kuyashika. Ukijikata mguu kwa jembe, kila mtu huiona damu na kukuhurumia. Lakini ukiumwa kichwa, ni lazima watu wakusadiki kwa maneno yako tu.

Katika somo hili utasoma maisha ya mtu aliyeumwa kichwa vibaya alipokuwa kijana. Maumivu hayo yalimwondoa katika vitabu vyake Uingereza, yakamleta katika nchi yetu. Hapo ndipo alipoanza kazi iliyomfanya ajulikane ulimwenguni kote, yaani kuchimbua na kuchunguza mifupa ya viumbe wa kale. Jina lake ni Louis Leakey.

Kabla hatujaanza, fikiri kwamba umesimama Manchira, katika wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara, karibu na bwawa linalowapa maji watu wa mji wa Mugumu. Geuza uso wako kusini, kisha ugeuke kidogo upande wa mashariki. Mbele yako, ng'ambo ya mashamba ya mtama na mahindi, iko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kama ungekuwa tai, ungeruka juu ya mbuga hizo mwendo wa kilomita zipatazo 150, nawe ungeona chini yako korongo refu lenye kuta za matabaka ya udongo wa rangi mbalimbali. Hilo ndilo bonde la Olduvai. Wamasai huliita Oldupai, nalo ni jina la katani ya mwitu iotayo huko. Mambo mengi utakayoyasoma yalitokea katika korongo hilo.

Utoto wake

Louis Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti, 1903, mahali paitwapo Kabete, karibu na Nairobi, katika nchi ya Kenya. Wazazi wake walikuwa wamisionari kutoka Uingereza. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akasema lugha yao kama wao, akajifunza kuwinda na kutega pamoja nao, na hata akatiwa jandoni pamoja na rika lake.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi, alipewa zawadi ya kitabu kilichoeleza jinsi watu wa zamani walivyotumia zana za mawe. Baada ya kukisoma alianza kutembea akiinamisha macho. Palipochimbwa barabara au palipomomonyolewa na mvua, aliokota vipande vya mawe meusi yang'aayo kama kioo. Watu wengine walidhani anakusanya takataka. Lakini mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi alipovitazama vipande hivyo, alimthibitishia kwamba baadhi yake ni zana zilizochongwa na watu wa kale. Tangu siku hiyo kijana yule alikata shauri kutafuta habari za watu wa kwanza wa Afrika.

Teke uwanjani

Mwaka 1922 Leakey alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Alipenda sana mchezo wa raga, ambao mpira wake una umbo la yai, na wachezaji hukamatana na kuangushana. Mwaka 1923, katika mchezo mmoja, alipigwa teke kichwani. Baada ya hapo maumivu makali ya kichwa yakamwandama. Kila alipojaribu kusoma, kichwa kilimuuma tena, na kumbukumbu yake ikapungua. Baadaye alipatwa pia na kifafa kwa sababu ya jeraha hilo.

Daktari alimsadiki. Alimwamuru aache masomo kwa muda wa mwaka mmoja, aende akaishi mahali pa wazi penye hewa safi, mbali na vitabu. Fikiri jinsi amri hiyo ilivyomhuzunisha kijana mwenye haraka ya kujifunza!

Je, teke la nje liliwezaje kuleta taabu ya ndani? Ili ulielewe jambo hili, yakupasa kwanza kujua jinsi kichwa chako kilivyoundwa. Gusa kichwa chako kwa vidole. Chini ya ngozi utasikia mfupa mgumu. Huo ni fuvu. Ndani ya fuvu umo ubongo, ambao kwa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na robo au zaidi kidogo ya hapo. Kwa wengi ni baina ya gramu 1,200 na 1,400. Ubongo ni laini, na sura yake ya juu ina mikunjo mingi. Tabaka ya juu yenye mikunjo huitwa gamba la ubongo. Unene wake ni milimita mbili hadi nne tu, lakini ndiyo itumikayo katika kufikiri, kuona, kusikia na kusema.

Ubongo umefunikwa kwa tando tatu, nao huelea katika maji maalumu. Tando na maji hayo huulinda, kama vile majani makavu yanavyoyalinda mayai katika kikapu. Lakini ukikitikisa kikapu kwa nguvu, mayai huweza kupasuka ingawa kikapu chenyewe hakikutoboka. Vivyo hivyo, kichwa kikipigwa kwa nguvu, ubongo hutikisika na kujigonga ndani ya fuvu. Mtu aweza kudhurika ingawa ngozi yake haikuchanika hata kidogo.

Na hapa pana jambo la ajabu. Ubongo, ambao hupokea habari za maumivu ya mwili mzima, wenyewe hausikii maumivu. Madaktari waweza kuugusa ubongo wa mgonjwa aliye macho, naye asiumie. Kichwa kiumapo, kinachouma ni tando zinazoufunika ubongo, mishipa ya damu iliyo katika tando hizo, na pengine misuli ya shingo na ya kichwa. Mshipa mkubwa wa fahamu, ambao matawi yake huenea usoni, huchukua habari za maumivu kutoka katika tando hizo na kuzipeleka ndani ya ubongo.

Safari ya Tendaguru

Leakey hakukaa bure mwaka ule. Makumbusho ya London yalikuwa yakituma watu Tanganyika, kama nchi yetu ya bara ilivyoitwa wakati huo, kwenda kuchimba mifupa ya dinosaria, yaani wanyama wakubwa mno wa jamii ya mijusi walioishi zamani sana. Mahali penyewe ni Tendaguru, katika mkoa wa sasa wa Lindi. Walihitaji mtu aijuaye Afrika na lugha zake. Leakey akachaguliwa, na mwaka 1924 akafika Tendaguru pamoja na mkuu wa msafara, William Cutler.

Huko alijifunza mambo ambayo hakuna kitabu ambacho kingeweza kumfundisha vema zaidi. Alijifunza kuufukua mfupa uliogeuka jiwe bila ya kuuvunja, kuupaka plasta ili usisambaratike, na kuandika mahali hasa ulipopatikana. Mwaka 1925 alirudi Cambridge, na mwaka 1926 alimaliza masomo yake kwa sifa kubwa. Mwaka ule aliodhani umepotea ndio uliompa ufundi wa maisha yake yote.

Miaka 28 ya kutafuta

Siku zile wataalamu wengi waliamini kwamba mwanadamu alianzia bara la Asia. Leakey aliamini kwamba alianzia Afrika. Kuamini peke yake hakutoshi katika sayansi. Ni lazima kuonyesha ushahidi.

Mwaka 1931 alikwenda Olduvai pamoja na Hans Reck, Mjerumani aliyekuwa amechimba huko mwaka 1913. Reck hakuwa ameona zana zozote za mawe mahali hapo. Leakey aliamini kwamba zipo, nazo zikaonekana mara tu baada ya kufika, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamezoea kuzitambua tangu utoto wake Kabete. Zana zilikuwako. Lakini ni nani aliyezitengeneza? Ilihitajika mifupa ya mtu mwenyewe.

Miaka ikapita. Mwaka 1936 Leakey alimwoa Mary, mtaalamu wa mambo ya kale, aliyekuwa na macho makali na subira kubwa. Pamoja na wasaidizi wao walirudi Olduvai mara kwa mara. Jua lilikuwa kali, maji yalikuwa haba, na fedha zilikuwa chache. Walitambaa kwa magoti juu ya miteremko, wakitazama kila kijiwe. Walipata zana nyingi na mifupa mingi ya wanyama, lakini fuvu la mtu wa kale hawakulipata. Kazi hiyo ilichukua miaka 28.

Asubuhi ya homa

Tarehe 17 Julai, 1959, Leakey aliamka kambini akiwa na maumivu ya kichwa na homa kidogo. Maumivu ya safari hii hayakutokana na teke. Yalikuwa ya kawaida, kama yale uyapatayo wewe unapougua. Alibaki kitandani, na Mary akaenda kazini bila yeye. Mary alipokuwa akitembea mteremkoni, aliona kipande cha mfupa kilichochomoza ardhini. Alipofuta vumbi akaona meno makubwa. Aliingia garini akaenda mbio kambini kumwita mumewe. Mgonjwa akasahau homa yake, akaondoka kitandani na kwenda naye.

Fuvu lile lilikuwa limevunjika vipande vipatavyo 400. Mary na Louis waliviunganisha kimoja kimoja, kama mtu aunganishaye chungu kilichovunjika. Leakey alilipa jina la Zinjanthropus. Zinji ni jina ambalo Waarabu wa zamani waliiita pwani yetu ya Afrika Mashariki. Baadaye wataalamu waliyapima majivu ya volkano yaliyokuwa mahali pale, wakakuta kwamba fuvu hilo lina umri wa miaka ipatayo 1,750,000. Leo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Magego yake ya mwisho yalikuwa ndiyo kwanza yameota. Kwa hiyo kiumbe yule alikufa akiwa bado kijana.

Nafasi ya ubongo ndani ya fuvu lile ilikuwa karibu sentimita za ujazo 530. Hiyo ni pungufu ya chupa mbili za soda za mililita 300. Nafasi ya ubongo wa mtu wa leo ni karibu sentimita za ujazo 1,350, yaani chupa nne na nusu. Hapo kwanza Leakey alidhani kwamba huyu ndiye aliyetengeneza zana za Olduvai. Lakini si muda mrefu ukapatikana ushahidi mpya, naye akabadili mawazo yake. Kumbuka jambo hili: mwanasayansi haoni aibu kusahihishwa na ushahidi.

Mtoto wa Olduvai

Ushahidi mpya ulipatikana mwaka 1960, si mbali na mahali pa Zinji. Jonathan, mwana mkubwa wa Louis na Mary, ndiye aliyeanza kuupata. Ilionekana mifupa miwili ya pande za fuvu, taya ya chini yenye meno, na mifupa ya mkono. Meno yalionyesha kwamba ilikuwa mifupa ya mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu hivi. Yaani alikuwa wa rika lako, au alikuzidi kidogo tu.

Mifupa ya fuvu la mtoto huyo ilikuwa myembamba kuliko ya Zinji, na nafasi ya ubongo wake ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1964 Leakey na wenzake wawili, Phillip Tobias na John Napier, walitangaza kwamba huyu ni wa jamii ya watu, wakamwita Homo habilis, maana yake mtu mstadi. Walikadiria kwamba ubongo wake ulijaza karibu sentimita za ujazo 680. Wataalamu wengine hawakukubali, na mabishano yaliendelea kwa miaka mingi. Mwaka 2015 wataalamu waliyaunganisha upya mapande yale kwa msaada wa kompyuta, wakapata kipimo kikubwa zaidi, baina ya 729 na 824.

Wawezaje kupima ubongo uliokwisha kuoza zaidi ya miaka milioni moja iliyopita? Ubongo wenyewe haupo, lakini fuvu ni kama ukungu wa tofali. Tofali likitolewa, ukungu bado waonyesha ukubwa na umbo lake. Fuvu lililo zima laweza kujazwa mbegu ndogo, kisha mbegu zikapimwa kwa chombo. Fuvu lililovunjika, wataalamu hutengeneza kwa plasta umbo la upande wake wa ndani, kisha hukadiria sehemu zilizopotea.

Tena, upande wa ndani wa mafuvu huwa na mifereji myembamba iliyotawanyika kama matawi ya mti. Mifereji hiyo ni alama za mishipa ya damu ya tando za ubongo. Hizo ni tando zile zile zinazouma kichwa kiumapo! Basi mfupa huweza kutuonyesha mahali mishipa ilipopita. Lakini hauwezi kutuambia ni siku gani mishipa hiyo ilimuuma mwenyewe. Leakey aliweza kusoma katika mfupa umri wa mtoto na ukubwa wa ubongo wake. Maumivu ya kichwa hayaachi alama katika mfupa.

Kipandauso na ubongo wa vijana

Sasa tutazame maumivu ya watoto wa leo. Kuna ugonjwa wa kichwa uitwao kipandauso. Huo si sawa na maumivu ya teke yaliyompata Leakey, wala si sawa na maumivu ya malaria. Kipandauso huja, huondoka, na hurudi tena. Kichwa hupwita kama ngoma, mara nyingi upande mmoja. Kwa watoto, pengine pande zote mbili. Mgonjwa husikia kichefuchefu, na mwanga na kelele humchukiza. Hupenda kulala mahali penye giza na ukimya. Maumivu huweza kudumu saa mbili, au siku nzima, na hata siku tatu. Duniani, takribani mtoto au kijana mmoja kati ya kila kumi ana ugonjwa huu. Mara nyingi huonekana katika watu wa ukoo mmoja. Kabla ya kubalehe, huwapata wavulana na wasichana karibu sawasawa. Baada ya kubalehe, huwapata wasichana zaidi.

Wagonjwa wengine, kabla ya maumivu kuanza, huona vimulimuli au mistari iliyovunjika-vunjika mbele ya macho. Mwaka 1944 mtaalamu wa Brazili, Aristides Leão, alieleza habari za wimbi alilolivumbua katika gamba la ubongo wa wanyama. Wimbi hilo huzitaharakisha seli, kisha huzinyamazisha kwa muda. Hutambaa polepole, kiasi cha milimita tatu kwa dakika. Wataalamu wengi huamini kwamba wimbi la namna hiyo ndilo liletalo vimulimuli vya kipandauso.

Siku hizi hatuna haja ya kungoja mtu afe ndipo tuujue ubongo wake. Kuna mashine kubwa yenye sumaku ya nguvu nyingi. Mgonjwa hulala ndani yake bila ya kukatwa kisu, nayo huchora picha ya ubongo wake tabaka kwa tabaka. Mashine hizo zipo pia katika hospitali kubwa za nchi yetu. Kwa msaada wake wataalamu wamelinganisha ubongo wa vijana wenye kipandauso na ubongo wa vijana wasio nacho. Wamekuta kwamba, kwa wastani, baadhi ya sehemu zinazoshughulika na maumivu hutofautiana kidogo. Sehemu nyingine zilikuwa na ujazo mdogo kidogo, na nyingine mkubwa kidogo.

Usikosee kuielewa habari hii. Tofauti hizo ni ndogo mno. Huonekana tu vijana wengi wanapopimwa na hesabu zao kulinganishwa. Daktari hawezi kumtambua mgonjwa kwa kutazama picha moja. Tena vipimo vyote havikubaliani. Swali moja gumu bado lachunguzwa: je, tofauti hizo ndizo ziletazo kipandauso, au kipandauso cha mara kwa mara ndicho kiletacho tofauti? Ubongo wa kijana bado unajengwa, na ujenzi huo huendelea mpaka mtu apitapo umri wa miaka ishirini. Kwa hiyo wataalamu huwapima vijana wale wale tena na tena, mwaka baada ya mwaka, ili waone kipi hutangulia. Ni kazi ya subira, kama ile ya miaka 28 ya Olduvai.

Wala usidhani kwamba mwenye kipandauso ana akili pungufu. Miongoni mwa watu wa leo, ukubwa wa kichwa haukuonyeshi nani mwerevu na nani mjinga. Kuna watu wengi wenye kipandauso wanaosoma vizuri na kufanya kazi kubwa. Wanachohitaji ni kusadikiwa na kutunzwa.

Mwisho wa maisha yake

Louis Leakey aliendelea kutafuta, kufundisha na kuandika mpaka uzeeni. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo huko London tarehe 1 Oktoba, 1972, akiwa na umri wa miaka 69, akazikwa Limuru, Kenya. Mary aliendelea na kazi. Mwaka 1978 yeye na wenzake walifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili huko Laetoli, kusini ya Olduvai, miaka milioni tatu na laki sita hivi iliyopita. Leo wataalamu wanakubali kwamba Afrika ndiyo chimbuko la mwanadamu, kama Leakey alivyoamini.

Sasa rudi katika fikira zako mpaka Manchira, katika darasa lenye jua dirishani. Mwenzako mmoja amefunika macho kwa mikono, na daftari lake li wazi mbele yake bila neno. Huoni jeraha. Waweza kumcheka na kumwita mvivu. Nyumbani waweza kusema amerogwa. Lakini wewe sasa wajua kwamba chini ya fuvu lake zimo tando zinazouma, na kwamba hakuna mtu awezaye kuyaona maumivu hayo kwa macho. Kama daktari yule wa mwaka 1923 asingalimsadiki kijana Leakey, labda asingalifika Tendaguru. Msadiki mwenzako, mwambie mwalimu, na umpeleke kivulini.

Mambo ya kukumbuka

1. Mwenye kipandauso apumzike mahali pa kimya penye giza, anywe maji, na apate usingizi. Kula kwa wakati na kulala kwa wakati hupunguza mashambulizi.
2. Dawa itolewe na mganga au muuguzi, au mzazi aliyeelekezwa nao. Usimeze dawa ya maumivu kila siku kwa shauri lako mwenyewe.
3. Mtu aliyepigwa au kuangukia kichwa asirudi mchezoni siku ile. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa au akipatwa na kifafa, apelekwe hospitali mara moja.
4. Kichwa kinachouma pamoja na homa chaweza kuwa dalili ya malaria. Shingo ikikakamaa pia, yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Usingoje kesho; nenda zahanati.

Jambo la kufanya

Tafuta vibuyu viwili vikavu vyenye midomo mipana, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Kila mwanafunzi akisie kwanza ni mililita ngapi zitakazoingia katika kila kimoja, na aandike makisio yake. Kisha vijazeni mtama mpaka ukingoni. Mimineni mtama huo katika chombo chenye alama za mililita, na msome kipimo. Rudieni mara tatu. Je, mlipata kipimo kile kile kila mara? Linganisheni vibuyu vyenu na nafasi ya ubongo wa Zinji na ya mtu wa leo. Kisha mpasueni mmoja wa vibuyu hivyo, mfiche vipande viwili, na mjaribu kukadiria ujazo wake kwa vipande vilivyobaki. Sasa mtafahamu kwa nini wataalamu walibishana juu ya mtoto wa Olduvai.

Maswali

1. Louis Leakey alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Ni jambo gani lililomfanya aache masomo Cambridge kwa muda?
3. Eleza kwa nini ubongo waweza kudhurika hata kama ngozi ya kichwa haikuchanika.
4. Kama ubongo hausikii maumivu, ni kitu gani kinachouma kichwa kiumapo?
5. Wataalamu walijuaje kwamba mifupa ya mwaka 1960 ilikuwa ya mtoto?
6. Taja mambo mawili ambayo fuvu laweza kutuambia, na jambo moja ambalo haliwezi.
7. Taja dalili tatu za kipandauso.
8. Kwa nini wataalamu huwapima vijana wale wale mara nyingi kwa miaka mingi?
9. Mwenzako amegongwa kichwa katika mpira, naye ataka kuendelea kucheza. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?